Chumba cha Bure cha Amborovy

Hadidja Mmadi,
Fundi cherehani na muuza vitambaa,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Oktoba 2018

Mkurugenzi,
Idara ya Wateja Waaminifu,
Benki ya Ufukweni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MADHARA YALIYOTOKANA NA ZAWADI YENU

Natumaini u mzima, na kwamba kiyoyozi cha ofisini kwako hakijakudhuru kifua. Mimi ni mzima wa mwili. Ninakuandikia kwa heshima zote, baada ya kuiandika barua hii mara ya kwanza bila heshima na kuichana.

Mwezi wa saba mlinitumia ujumbe kwenye simu: "Hongera Bi Hadidja! Uaminifu wako umezaa matunda." Uaminifu wenyewe ulikuwa kwamba nimelipia kwa kadi yenu majora ya vitambaa, cherehani za umeme, na harusi ya binti yangu Hasnati, ambayo kwa jinsi ilivyolisha watu ingemfanya hata mwizi aonekane mwaminifu. Mkaniambia pointi zangu zinatosha kulala bure siku tano katika hoteli kubwa ya Amborovy, nje kidogo ya mji wa Mahajanga, kwa Wamalagasi ng'ambo ya bahari, na siku mbili katika hoteli ya kampuni hiyo hiyo Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be.

Sharti ujue, Ndugu Mkurugenzi, kwamba mimi ni mzaliwa wa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo. Nilikuwa na miaka tisa Wakomoro tulipouawa na kufukuzwa kule, tukasombwa kwa ndege hadi kisiwa cha Ngazidja, Komoro, ambako mpaka leo tunaitwa Sabena, kwa jina la shirika lililotubeba. Baba akaona kuitwa jina la ndege ni mzigo, akatuleta Dar es Salaam. Dada yangu Echata alibaki. Alikuwa ameolewa karibuni na Boinali, Mwislamu wa pwani ile ile, mwenyeji, na jamaa za mumewe wakamficha. Tangu hapo mimi na dada tukawa watu wa barua, kisha watu wa simu. Hatukuonana tena kwa macho.

Kwa hiyo mliponipa chumba nilishukuru. Nikajisemea: nitamwona dada yangu, wala sitamsumbua. Hapo ndipo madhara yalipoanza, nami nayaorodhesha.

1. Hamkuniuliza. Fomu yenu ilitaka kujua kama napenda mto laini au mgumu, kama naogopa ghorofa za juu, na kama karanga hunidhuru. Hakuna mahali mlipouliza: "Je, una ndugu katika mji huo?" Swali hilo moja lingetuokoa sote.

2. Mlinipokea. Nilipotoka uwanja wa ndege nilimkuta dereva wa hoteli, shati jeupe, ameshika ubao wenye jina langu. Kando yake alisimama mwanamke mnene aliyejitanda leso mpya. Yeye hakuwa na ubao. Miaka arobaini na zaidi, na nilimtambua kwa jinsi alivyokuwa akimkunjia uso yule dereva. Tulikumbatiana tukalia mpaka watu wakatupisha. Tulipoachana, mizigo yangu ilikuwa tayari garini, na dereva ananinyooshea kitaulo cha baridi kwenye kisahani.

Dada Echata akakitazama kile kitaulo, kisha dereva.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni wa hoteli, dada."

"Hoteli? Nani anakwenda hoteli?"

"Mimi. Nitalala huko. Ni bure."

Akanitazama kwa utulivu kabisa. "Na kwangu ni bei gani?"

(Hatukusema Kiswahili, usije ukadhani. Kiswahili cha dada ni cha dini na cha sokoni, na Kimalagasi changu kilibaki cha mtoto wa miaka tisa. Tulisema Kikomoro chetu cha kuokoteza. Nakutafsiria ili uchungu ufike ofisini kwako ukiwa mzima.)

Niliingia kwenye gari la hoteli kwa sababu begi langu lilikwisha kuingia. Dada akapanda bajaji ya mwanawe Houmadi, wakatufuata. Kila nilipogeuka nilimwona nyuma yetu, kichwa nje, leso inapepea, macho hayabanduki kwenye kioo. Dereva akaniuliza kwa Kifaransa kama yule mama ananidai. Nikamwambia ndiyo.

3. Mlimkataza mgeni wangu kunilisha. Dada aliingia ukumbi wa mapokezi na sufuria ya samaki wa nazi, wali, na godrogodro, ile keki yetu ya nazi na hiliki ambayo husongwa mpaka bega lilalamike. Alianza kuisonga alfajiri. Binti wa mapokezi akamwambia kwa adabu kubwa, "Samahani, mama, chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Hiki si cha nje," dada akajibu. "Nyinyi ndio wa nje. Hiki kimetoka nyumbani."

Akakataa kuiacha sufuria, akakataa kuondoka. Akakaa kwenye kochi la ngozi, sufuria mapajani, kama mtu anayesubiri maiti itolewe hospitali. Mimi nikakaa kando yake. Watalii wakawa wanatupita na taulo mabegani. Mwishowe tulikula nje, kwenye bajaji, tumebanana, Houmadi akitushikia kifuniko cha sufuria. Sijapata kula chakula kitamu kama kile, wala chenye lawama nyingi kama kile. Kila nilipomaliza alinipakulia tena na kusema, "Kula. Hiki nacho ni bure."

4. Mlimfanya dada yangu kuwa mume wangu. Siku ya pili alirudi, akakaa pale pale kochini. Adhuhuri ikaingia, akataka kutawadha. Binti wa mapokezi akasema mgeni asiyeandikishwa haruhusiwi kupanda vyumbani, ila kadi yangu inaniruhusu kuandikisha mtu mmoja bila malipo. Nikafurahi. Mashine ikafunguliwa. Zawadi yenu, Ndugu Mkurugenzi, inamtambua mtu mmoja tu katika maisha ya mteja mwaminifu, naye ni "mwenzi". Dada hayumo. Mama hayumo. Nikasema, basi, mwandikeni mwenzi. Mashine ikatafakari, ikatoa karatasi: "Bw. Echata na Bi. Hadidja." Tangu saa ile kila mfanyakazi aliyekutana na dada yangu, mama wa watoto sita, alimwinamia na kumwita "Musié Echata", yaani Bwana Echata.

Musié Echata akapanda juu kutawadha. Nikamsubiri. Nikasali peke yangu. Nikasubiri tena. Nikagonga mlango wa bafu nikidhani ameanguka. Sauti ikatoka ndani, nzito, ya mtu aliyelala majini: "Niache. Natia nia."

Alikuwa amegundua lile hodhi jeupe la kuogea. Kwake Mahabibo maji huja yanapotaka, na mara nyingi hayataki. Alipotoka amejifunga joho la hoteli, uso unang'aa kama wa bibi harusi, aliketi kitandani akakibonyeza. "Kitanda gani hiki? Kama unga uliozidi hamira. Mgongo wako utaharibika." Akajilaza ili kunithibitishia. Kisha akasema, macho yakiwa yamefumbwa, "Wewe nenda nyumbani ukalale kwenye kitanda chako. Mimi nitabaki nichunge mizigo."

Alichunga mizigo mpaka siku ya kuondoka.

5. Hili ni gumu kuliandika, nitaliandika kwa ufupi. Kitanda changu kipo. Ni kile kile nilicholalia nikiwa na miaka tisa. Nyumba ya baba iliporwa, na dada aliporudi kutoka mafichoni hicho ndicho alichokikuta, akakibeba mpaka kwake. Kiko sebuleni, kimetandikwa shuka la maua lililopigwa pasi. Shemeji Boinali, mzee asiyependa maneno, aliniambia usiku wa kwanza: "Kila Idi anabadilisha shuka. Wajukuu wamelala mkekani miaka yote hii, na hicho hakuna aliyeruhusiwa hata kukikalia." Akazima taa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote ya siku nne.

Nikakilalia. Miguu ilitoka nje kuanzia magotini. Nililala nimejikunja kama kamba wa kukaanga, mbu wakinisalimia, kuku wa dada wakinong'ona uvunguni, na nililia kwa namna ambayo sitaieleza kwa benki.

Asubuhi nilikwenda Amborovy kumsalimia dada. Musié Echata alikuwa anakunywa chai ya bure inayonistahili mimi, anamweleza mpishi kwamba mayai yake hayana chumvi. Nimesafiri kuvuka bahari nikae na dada yangu, Ndugu Mkurugenzi. Nimekaa na mumewe na kuku wake. Yeye amekaa na pointi zangu.

6. Nosy Be. Huku chumba kilikuwa kimoja na hapakuwa na mizigo ya kuchunga kwa zamu, kwa hiyo mkatulaza pamoja Ambatoloaka, katikati ya baa, na muziki ukiingia hadi chini ya mto. Kesho yake dada akanipeleka Ambanoro, kwenye nyumba alikofichwa. Wenyewe walikwisha kufa, ukuta mmoja umelala. Akanionyesha mahali pa jiko.

"Hapa ndipo nilipoletewa habari kwamba mmeondoka. Nilikuwa nakuna nazi. Nikaendelea kukuna mpaka nazi ikaisha, nikakikuna kifuu, nikajikuna mkono."

Akanionyesha kovu. Sikuwahi kulijua. Kovu halionekani kwenye simu.

Tuliporudi hotelini nikamuuliza lililokuwa likinikera: kwa nini alinikimbia Mahajanga, akaniacha na Boinali? Akasema, "Nilikuogopa. Miaka yote nilikuwa namtandikia mtoto. Akashuka kwenye ndege mama mwenye miwani. Nikasema, mwache huyu mama akalale kwenye kitanda kile. Labda asubuhi atakuwa yeye."

"Na je, nilikuwa yeye?"

"Ulikuja Amborovy asubuhi umenuna," akasema dada. "Ulikuwa yeye."

Tukacheka mpaka wa chumba cha jirani wakagonga ukuta, na ujue walikuwa watu wa baa.

Baada ya kuyaeleza hayo, naomba yafuatayo. Fomu yenu iongezwe swali la ndugu. Mashine yenu ifundishwe neno "dada". Shemeji Boinali apewe pointi za subira. Kisha, kwa kuwa ninyi wenyewe mmesema uaminifu hulipwa, naomba mpime uaminifu wa mtu aliyembadilishia shuka asiyekuwepo, kila Idi, tangu mwaka sabini na saba, bila kutumiwa ujumbe wa hongera hata mmoja. Mimi kwa majora na cherehani nimepata siku saba. Kwa kipimo hicho hicho dada yangu anastahili hoteli. Simaanishi chumba. Namaanisha hoteli ya Amborovy, pamoja na mpishi, ambaye hata hivyo amekwisha kumfundisha kazi. Mkishindwa, basi pigeni marufuku kadi hizi kwa mtu yeyote mwenye ndugu aliye hai, maana chumba cha bure ni ukuta kati ya watu waliokwisha tenganishwa vya kutosha. Ili kuonyesha kwamba sifanyi mzaha, nimeikata kadi yangu vipande viwili na kuiambatanisha na barua hii.

Nisalimie makarani wote wa idara yako, askari wa mlangoni aliyeniazima kalamu, mama watoto wako na watoto, na yeyote anayewaandikia zile jumbe za hongera. Mwambie ana mwandiko mzuri wa moyo lakini aulize kwanza. Ninabaki mteja wako, mwaminifu kwa kuwa mmesema hivyo,

Hadidja Mmadi

N.B. Kadi sikuiambatanisha. Nilipokuwa natafuta mkasi dada Echata alipiga simu: anakuja Dar es Salaam mwezi wa kumi na mbili, ndiyo mara yake ya kwanza. Nikamwambia chumba cha Hasnati ki wazi, nimekwisha kukipaka rangi. Akasema hataki kunisumbua, niangalie hoteli. Nilimkasirikia sana, nikataka kumuuliza kwangu ni bei gani. Kisha nikakumbuka kwamba nyumbani kwangu kuna wateja, mafundi, mkwe, na watoto wa jirani, na kwamba tangu tuzaliwe tumewahi kuwa wawili tu kwa siku mbili, Ambatoloaka, kwa hisani yenu. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima uyapuuze yote niliyoandika hapo juu na unijulishe pointi zangu zimebaki ngapi. Chumba kiwe kimoja, cha watu wawili, kwa muda mrefu kadiri mtakavyoweza. Mwenzi mwandikeni vyovyote mashine itakavyopenda.