Ombi la Kurudishiwa Kifo Changu

Hollywood, California
Alhamisi, 8 Oktoba 1931

Mheshimiwa Bwana Kranz, Mwongozaji wa Picha,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kwamba lile koo lililokuwa likikukwaruza Jumatatu kwa kutupigia kelele limepoa. Mke wangu Idella anasema usukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, ila usimeze. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi nina jambo, ndiyo maana naandika.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni Alvah Pruett, yule mfungwa wa seli ya tano mwenye masikio makubwa. Katika picha yetu ya watu saba wanaongoja kiti cha umeme, mimi nilipangiwa kufa wa tatu, huku nikisali. Jana asubuhi nimeambiwa sifi tena. Gavana amenisamehe. Aliyeniambia ni Bibi Ostrander wa ofisi ya waigizaji, tena kwa furaha, kama anayempa mtu habari ya mjukuu: "Hongera, Bwana Pruett! Mwandishi amekutazama usoni, akasema uso kama huu hauwezi kuua hata nzi. Unatoka!" Nikamshukuru. Kisha nikaenda nyuma ya ukuta wa gereza, ule wa mbao, nikajishika kichwa.

Bwana Kranz, kwa heshima zote, naomba niuawe. Sababu zangu ni hizi, na nimezipa namba ili mtu mwenye shughuli nyingi kama wewe asipotee njiani.

1. Nimeshanyolewa. Kinyozi wenu alinikata duara utosini, pale panapowekwa kofia ya umeme, safi kama limepimwa kwa kikombe cha chai. Kanisani kwetu mwanamume havai kofia, na mimi ndiye shemasi nipitaye na sahani ya sadaka, nikiinama kwa kila benchi. Hakuna muumini ambaye hakukiona kichwa changu. Mama Hattabaugh alinipa pole akidhani ni mapunye. Nikamwambia, "Si mapunye, dada, ni kwa ajili ya umeme." Tangu hapo hanipi mkono. Nywele zangu zilikuwa chache tangu mwanzo, na hizi nilizitoa kwa sababu maalumu. Sasa sababu imeondolewa na nywele hazijarudi.

2. Nimeshaagana. Ninyi mnapiga picha kwa mpango ambao elimu yangu haitoshi kuuelewa, mwisho mwanzoni na mwanzo katikati. Jumatatu saa tatu asubuhi nilijulishwa kwa Bibi Coburn, ambaye ni mke wangu katika picha, na ilipofika saa nne tulikuwa tumeachana milele. Wenzangu walitiwa dawa machoni ili walie. Mimi sikuhitaji. Nililia mpaka mtu wa taa akazima taa, akaja kuuliza kama nimepata habari mbaya kutoka nyumbani. Nilipofika nyumbani, Idella akaona macho.

"Umelilia nini?"

"Nimeagana na mke wangu."

Akaichukua sahani yangu mezani. "Basi akupikie yeye."

Mtu hawezi kulipia kwaheri namna ile halafu asiende popote.

3. Nimekula chakula cha mwisho. Hili naliandika kwa aibu. Mnajua kwamba yule kuku wa Jumanne alikuwa wa kupigwa picha tu, na amepakwa vanishi ili ang'ae. Mimi sikujua. Mliniambia nimwombee kabla ya kumtazama kwa huzuni, na kwa kuwa mlirudia mara nne, nilimwombea mara nne. Kwetu sisi chakula kilichoombewa hakirudishwi. Mlipokwenda kubadilisha taa nikatimiza wajibu wangu, paja moja kwanza, kisha la pili. Ndiyo maana katika picha kuku ana miguu, halafu hana. Yule wa vifaa alinifokea, "Mzee, umekula rangi ya meza!" Tumbo langu lilimwamini kuanzia saa kumi. Hata hivyo nasema, mtu aliyekwisha kula chakula cha mwisho, haki yake ni moja tu, na mimi naidai.

4. Hili ndilo kubwa, na ndilo linaloninyima usingizi. Kanisa letu haliruhusu sinema. Nimekuwa shemasi miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ya mikono ilipokufa nikaja kusimama kwenye lango lenu pamoja na wengine, nikijiambia kwamba kusimama langoni si kuingia. Siku mliponiita ndani, Mzee wa Kanisa Birdsall alipata habari kabla sijafika nyumbani. Akanisimamisha mbele ya baraza. "Ndugu Pruett, shemasi na sinema? Kesho utatuletea dansi?"

Hapo ndipo nilipozungumza kuliko nilivyowahi kuzungumza maishani. Nikawaambia mimi si mwigizaji, mimi ni mahubiri. Nikawaambia mwenye dhambi katika seli ya tano anatubu, anapiga magoti, anaisema Zaburi yote ya mchungaji bila kukosea, kisha anakwenda kwenye kiti akiwa na amani. Nikawaambia watu ambao hawajakanyaga kanisa tangu ubatizo wao wataisikia gizani, wakiwa wamekaa kimya, wamevua kofia. Mchungaji Tolliver akafuta miwani. Wazee wakaamua waahirishe kura ya kunivua ushemasi mpaka Jumapili hii, niwaletee kurasa zangu wazisome wenyewe. Mama Hattabaugh, kabla ya habari ya mapunye, alisema ataivunja ahadi ya maisha yake aje aniangalie nikifa.

Sasa kurasa mpya ninazo hapa mezani. Zaburi imefutwa kwa penseli. Mahali pake, gavana anapiga simu, natoka langoni nikicheka, nambusu mhudumu wa mkahawa ambaye hatukuwahi kuonana, na natoa mfukoni kichupa cha pombe. Pombe, Bwana Kranz, ambayo hata sheria ya nchi imeikataza! Hizi ndizo kurasa nitakazompelekea Mzee Birdsall Jumapili. Amekuwa akiitazama ile sahani ya sadaka kwa muda mrefu, kwa ajili ya shemeji yake. Nikifa, nabaki shemasi. Nikipona, nimekwisha.

5. Aliyepewa kifo changu hakistahili. Gus Lindqvist wa seli ya pili ni mtu mwema, na aliniazima soksi, lakini hajui hata Zaburi ziko upande gani wa Biblia. Katika mazoezi ya jana alikaa kwenye kiti cha umeme akasinzia. Alipoamshwa akanipigia kelele mbele ya wote, "Pruett! Hata kufa kumekushinda, mzee? Nenda nyumbani ukamenye viazi!" Walicheka wote, pamoja na kasisi wa gereza, ambaye kwa kawaida ni muuza magodoro.

6. Nina hatia. Nimezisoma kurasa za kwanza tena kwa makini, na sioni njia ya kulikwepa hili. Nilimpiga mwenye duka kwa nyundo, nikakimbilia kwenye ghala, nikakiri kwa polisi bila kupigwa. Kurasa mpya zinasema aliyefanya hivyo ni shemeji yangu. Mimi na Bwana mwandishi tunajua si kweli. Shemeji mwenyewe ameingizwa Jumatano, na mauaji yalikuwa wiki iliyopita. Nani atakwenda kumtazama usoni mjane wa yule mwenye duka? Yule mama alilia mahakamani vizuri sana. Sitaki kuponea juu ya mgongo wa mtu asiye na kosa, hata kama ni mtu wa kubuni na hata kama ni shemeji.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, nirudishiwe kifo changu kama kilivyokuwa. Niko tayari siku yoyote isipokuwa Jumapili, na Jumatano jioni pia, kwa sababu kuna ibada ya maombi. Kama kiti kimeshaahidiwa kwa Gus, nitakubali homa, au kuanguka kwenye zile ngazi za chuma, mradi nipewe nafasi ya kusali kabla ya kufika chini. Sitadai uso wangu uonekane karibu. Mgongo unatosha, magoti yakiwa yamepigwa.

Nisalimie mtu wa taa, mwambie nyumbani hakukuwa na habari mbaya. Nisalimie Bibi Ostrander, Bibi Coburn, mlinzi wa mlango wa chuma na mguu wake unaomsumbua, yule wa vifaa (nasikitika kuhusu kuku), na Gus pia. Idella anakusalimu na anarudia habari ya maji ya chumvi.

Wako katika huduma, na mwenye hatia kamili,
Alvah Pruett, seli ya tano

Nyongeza: Bwana Kranz, nilikuwa nimeshalamba bahasha pale Bwana Zabriskie wa duka la chini aliponiita kwenye simu. Alikuwa Bibi Ostrander. Gus amepata kazi kwenye picha ya wachunga ng'ombe na ameondoka, kwa hiyo mmerudisha kurasa za zamani na Zaburi yake, na kesho Ijumaa saa mbili asubuhi ni zamu yangu kuuawa. Nimepewa kila nilichokiomba kabla hata barua haijatoka mezani.

Nilisema asante. Nikapanda ngazi. Idella akauliza wamesemaje, nikamwambia wataniua kesho saa mbili. "Basi vaa soksi nzima," akasema, akaendelea kushona.

Nikakaa kitandani kujaribu ile Zaburi, na haikuja. Neno la kwanza tu, basi. Badala yake nikaona ile mikanda ya kiti. Mimi nilikuwa fundi wa hatamu kwa miaka ishirini na minne, na nilipoipapasa kwenye mazoezi niliijua, ni ngozi ya kweli, uzi mara mbili, bizimu isiyoachia. Najua ni mchezo. Najua umeme wenu ni mtu anayezima na kuwasha taa. Lakini nikawa nakibana kifundo cha mkono wangu, kama naikagua bizimu, hadi Idella akaacha kushona, akaja akakaa kando yangu. Hapo ikanijia kwamba sikuwa natafuta kumshuhudia Mungu hata kidogo. Nilikuwa tayari kufa ili shemeji wa Birdsall asishike sahani.

Tafadhali usiyajali niliyoandika juu, kuanzia namba moja. Sitaki kufa, Bwana Kranz, hata kwa uongo. Nisamehe tena, kama jana. Nitatoka langoni nikicheka. Nitambusu mhudumu, Idella amekubali, shavuni. Kichupa kijazwe chai baridi nami nitakinywa chote. Jumapili nitazipeleka kurasa kwa wazee mimi mwenyewe na wapige kura yao. Wakiniondoa, nitakaa benchi la nyuma karibu na mke wangu. Mashemasi hukaa mbele. Miaka kumi na mmoja sijamsikia akiimba isipokuwa nyumbani.

Naileta barua hii kwa mkono wangu hadi langoni, kisha narudi dukani kwa Bwana Zabriskie. Nitakuwa nimekaa kwenye kreti la machungwa kando ya simu mpaka afunge, saa moja jioni. Tafadhali nijibu mapema.