Ornello Zaccarini na Vita vya Dirisha la Montefosco

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliye na kazi aiweke chini; maana nasimulia vita ambavyo havikumwaga damu ila tone moja, la kidole gumba. Namsimulia Ornello Zaccarini, Koo la Dhahabu, Mliza Wajane, simba wa majukwaa kwa miaka hamsini na miwili. Aliyeimba harusini kwa viatu vya kuazima, akaimba redioni, akavuka bahari kuwaliza Waitaliano wa Ajentina, akatoa santuri thelathini na moja, akazeeka mwili mzima isipokuwa nywele, ambazo hazikuambiwa.

Siku ya sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa Montefosco, mji uliomzaa, shujaa huyo alirudi kuimba uwanjani. Wakampa chumba cha juu katika jumba la halmashauri, avalie humo. Na humo ndimo adui alimokuwa akimngoja: dirisha la mbao lililovimba kwa mvua, wazi upana wa viganja viwili, limekataa katakata kufungwa.

Upepo ukamgusa shingo. Lo! Nani katika nchi ile asiyejua kwamba upepo wa shingoni umeua wengi kuliko mizinga? Ornello akajifunga skafu ya pili juu ya ile ya kwanza, akatangaza:

"Nimeimba kwenye theluji ya Ubelgiji, mbele ya wachimba makaa! Nimeimba na homa, nimeimba na jino bovu! Lakini kwenye upepo huu siimbi, hata ashuke mtakatifu mwenyewe kunibembeleza!"

"Basi jifunike na blanketi, kaka," alijibu Nives, dada yake mdogo, mpiga pasi wa mashati yake tangu santuri ya kwanza. "Watu wamejaa huko chini."

Akaitwa Learco, mtunza jumba, mbeba funguo arobaini. Akaja na nyundo, akalipiga dirisha mara tatu, halikushtuka. Akalipaka sabuni, likasogea kidogo, likakwama tena. Akaliegemea kwa tumbo lake lote, tumbo lililojengwa kwa tambi za miaka sitini, akahema, akasalimu amri.

"Mzee Ornello, hili halifungiki. Liliwashinda hata Wajerumani wakati wa vita."

"Mmesikia wenyewe?" akasema Ornello, na usoni mwake ikapita nafuu isiyofichika. "Waambieni watu warudi makwao."

Nives aliiona ile nafuu.

"Usinizuge, kaka. Si dirisha hilo. Unaogopa ile sauti ya juu, ya wimbo wa mwisho."

Ornello akazikaza skafu zake mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya Koo la Dhahabu: tangu Pasaka sauti ile ilikuwa haiji, aite asiite. Kuaibika Napoli angevumilia, lakini si mbele ya Montefosco, walikomjua tangu akiwa na kamasi.

Ndipo uwanja ukachoka kungoja, ukaanza kuimba wenyewe. Waoka mikate, wajane, padri na wapiga tarumbeta wakaukwea wimbo ule wa mwisho hadi kwenye sauti ya juu, na pale wakaanguka wote, huyu akibweka, yule akikohoa, kisha wakacheka hadi kushika mbavu, wakapanda tena.

Ornello alisikiliza, machozi yakimlengalenga.

"Wanaimba vibaya kuliko mimi," akasema.

"Vibaya mno," Nives akakubali. "Na wanakupenda, mjinga wewe."

Akasimama. Akavua skafu zote mbili. Akalikamata dirisha, akamwita mtakatifu mlinzi, akamlaani seremala aliyelitengeneza, akasukuma kwa miaka yake yote sabini na sita. Mbao zikalia, kidole gumba kikabanwa, na dirisha, pa! likafungika. Learco akavua kofia.

"Sasa sina kisingizio," Ornello akasema, akinyonya kidole. "Nipe koti, Nives."

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za mji, juu ya mafuriko na matetemeko, kwamba Jumapili ile, saa kumi na moja unusu, dirisha lilifungwa na mtu mmoja, kwa mikono mitupu. Ornello alipoufikia wimbo wa mwisho, ile sauti ya juu haikuja. Uwanja mzima ulianguka pamoja naye, na katika miaka hamsini na miwili hakuwahi kupigiwa makofi marefu namna ile.