Jua Langu na Ghala la Adolfu

Jumatatu, 7 Julai

Nimeamua kuandika. Padri Raphael anasema mtu aliye karibu kuondoka achunguze dhamiri yake kila jioni. Daktari naye anasema moyo wangu umetanuka. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, nimeshazika mke na meno yote ya juu, basi kengele ya mwisho naijua mlio wake. Dhambi nitaziandika zikiwa mbichi, ili siku ya kuungama nisimpotezee Padri muda.

Leo sina dhambi. Adolfu anazo.

Adolfu ni jirani yangu wa upande wa mashariki. Asubuhi nimetoka barazani na blanketi, nimekaa kwenye kiti changu, nimesubiri jua. Halikuja! Yaani lilikuja kwa wengine. Mbuzi barabarani wanaota jua, mimi natetemeka kivulini. Kuinua macho, naona ukuta. Ghala la mahindi la Adolfu, ambalo tangu enzi za baba yake lilikuwa kimo cha mtu na kofia yake, limeota ukuta mpya wa tofali za kuchoma. Fundi yuko juu, anapiga mluzi. Jua limenifikia saa tatu, nimeshaganda.

Nikamwita Adolfu. Akaja, akavua kofia, shikamoo Mwalimu. Nikamuuliza kile ni nini. Akasema anainua ghala ili lori liingie mpaka ndani kupakia. Adolfu hana lori. Hana hata toroli! Akasema, "Lori litakuja, Mwalimu." Vipimo vyote kapiga kwa hesabu za eneo nilizomfundisha mimi, darasa la tano. Elimu yangu imegeuzwa kunishambulia.

Watu wa mabondeni hawataelewa. Huku juu Ufipa, Julai si mwezi wa mchezo. Upepo unapita katikati ya mifupa. Nisipoota lile jua la asubuhi, vidole vyangu havifungi kifungo, na binti yangu Salome ananivisha shati kama mtoto. Nikiota, najivisha mwenyewe. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha kujifanyia.

Ujenzi ule lazima usimame.

Jumanne, 8 Julai

Ushindi! Adolfu hana kibali. Tangu tupimiwe viwanja, hata banda la kuku linaombewa kibali. Nimempigia simu afisa mtendaji wetu mpya wa kata, kijana wa Mbeya anayeitwa Suma. Sikutaja jina. Nilijitambulisha kama mwananchi mpenda maendeleo.

Akajibu, "Nimekusikia, Mwalimu Zenon."

Sauti hii imeharibiwa na chaki, wilaya nzima inaijua. Akasema atakuja kupima, ila akija atapima kila kitu. Kisha akauliza, kwa heshima kabisa, kama jiko jipya la Salome lina kibali.

Nikakata simu. Mtandao wetu mbaya sana siku hizi.

Salome alikuwa anachambua maharage pembeni, kasikia yote. Akauliza kwa nini nisimwombe Adolfu tu. Nikamwambia mtu aliyesoma haombi, anapanga. Akaendelea na maharage yake.

Dhambi ya leo: kukata simu. Ndogo.

Alhamisi, 10 Julai

Ukuta umepanda tena. Salome kanifunga vifungo vyote, hata cha shingo, ambacho sikipendi.

Lakini nimepata mpango! Nimeshtuka mwenyewe kwa uzuri wake.

Huku kwetu mtu anaweza kukunyima kitu ukiwa mzima. Ukiwa kitandani unasubiri Mpako wa Wagonjwa, hakunyimi. Padri akija na mafuta, jumuiya yote ya sala inakuja, majirani wanapita kitandani mmoja mmoja kupatana na mgonjwa, na neno la mgonjwa linabebwa kama yai. Basi nitapakwa mafuta. Na nitakuwa na neno.

Nimemwambia Salome kifua kinabana, amwite Padri. Kifua kinabana kweli. Kinabana kila siku. Sijadanganya, nimechagua siku tu.

Ijumaa, 11 Julai

Imefanyika. Chumba kilijaa. Nimekoroma, nimetazama dari, nimeshika rozari kwa mkono uliolegea. Salome alisimama mlangoni kakunja mikono, sikupenda alivyonitazama.

Zamu ya Adolfu ikafika. Akapiga magoti. Nikamwambia kwa pumzi fupi fupi, "Adolfu... ghala lile... jua langu..." Nikafumba macho. Nilitaka kuongeza neno lakini niliona nitaharibu.

Adolfu akalia! Machozi yakadondoka kwenye shuka. Akasema mbele ya Padri na jumuiya nzima kwamba hakuna tofali litakalopanda pale mpaka Mwalimu apumzike kwa amani. Watu wote wakaitikia amina. Mkewe Margareth aliitikia kwa kuchelewa.

Walipoondoka ndipo nikayasikia vizuri yale maneno. Mpaka Mwalimu apumzike. Maana yake jua kidogo lililobaki nimepewa, ila natakiwa nilitumie haraka.

Jumapili, 13 Julai

Jumuiya yetu ni ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa kifo chema. Ni msimamizi wa mafundi pia, kwa hiyo sijui yuko upande gani.

Baada ya Misa ya alfajiri, wanajumuiya wamekuja na kuni. Kuni nyingi, kavu, za mikaratusi, kila mtu na mzigo wake kichwani. Nikawashukuru, nikasema Salome kuni anazo. Mama mmoja akanishika mkono kwa huruma akaniambia, "Hizi si za kupikia leo, baba."

Ni za msiba wangu! Na wamezipanga barazani, upande wa mashariki, mpaka usawa wa dirisha.

Hata lile jua kidogo sijaliona. Nimekaa nyuma ya kuni zangu mwenyewe. Kulalamika siwezi, nitamlalamikia nani? Marehemu mtarajiwa hachagui pa kuweka kuni.

Jumatano, 16 Julai

Tatizo jipya. Napata nafuu.

Kosa ni la Margareth. Kila asubuhi ananiletea uji wa ulezi wenye karanga, mzito, wa moto, anasimama mpaka nimalize. Leo nimejikuta nimesimama bila fimbo. Nikakaa haraka.

Adolfu naye huja kila asubuhi. Shikamoo Mwalimu, umeamkaje Mwalimu. Namjibu kwamba hali ni mbaya tu. Hapo uso wake unavutwa pande mbili: huku anasikitika, huku anatazama tofali zake. Simlaumu. Mahindi yake yote yako uani chini ya turubai, maana ghala halina paa. Nguruwe wamelitoboa turubai. Margareth anashinda na fimbo kuwafukuza, anapiga kelele mpaka sauti imekauka.

Jioni nimewasikia kupitia uzio.

Margareth: "Sasa huyu mzee anakufa lini?"

Adolfu: "Mama, usiseme hivyo. Yule ni mwalimu wangu."

Nguruwe mmoja akachapwa fimbo.

Margareth: "Lakini yeye mwenyewe kakuambia ni lini?"

Nimeumia sana. Nimeamua kesho sitakunywa uji wao.

Kesho ni mbali. Nitaona.

Jumamosi, 19 Julai

Uji nilikunywa.

Jumuiya imekaa kikao bila mimi. Wameamua kwamba kwa kuwa ujenzi wa ghala umesimama kwa ajili ya Mwalimu, mahindi yalindwe nyumbani kwa Mwalimu. Salome akapendekeza sebuleni. Wakasema sebule iachwe wazi, watu wa matanga watakaa wapi? Basi magunia yameingia chumbani kwangu. Yamezunguka kitanda pande zote, natoka kwa kupanda. Dumuzi mmoja, mdudu wa mahindi, ametembea juu ya rozari.

Wabebaji walikuwa wawili tu, Adolfu na Margareth. Mgongo wa yule mama si wa kubeba magunia. Alipotua la mwisho aliegemea mlango, akashindwa kufunga khanga yake kama mimi vifungo vya asubuhi. Kisha akaniangalia nilivyobanwa pale katikati. Akasema, "Utusamehe, baba. Tumekubana, na unaumwa."

Wao ndio wananiomba msamaha!

Nimegeukia ukutani. Hapana, nimegeukia gunia, ukuta hauonekani. Sijui kama Padri ana adhabu ya kutosha kwa jambo hili. Mahindi yale ni ada ya wajukuu wao na chakula chao cha mwaka. Mimi nilitaka kuota jua tu. Jua si kosa, njia niliyopita ndiyo kosa.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeungama. Nimesema yote, kuanzia simu mpaka mkoromo. Padri Raphael alikohoa kwa muda mrefu upande wa pili. Nadhani alikuwa anacheka, Mungu amsamehe. Malipizi: niende kwa Adolfu kwa miguu yangu, mchana, watu wakiona, nimwambie mwenyewe.

Nimekwenda. Fundi, aliyekuwa amekuja kuchukua koleo lake, ndiye aliyeniona kwanza. Akapiga kelele: "Jamani, marehemu anakuja!"

Adolfu alitoka mbio, Margareth nyuma yake na fimbo ya nguruwe. Nikasimama mbele yao. Nikasema sikuwa nakufa. Yaani nakufa, ila si siku ile. Nikasema nilitumia mafuta matakatifu kuzuia tofali. Nikasema yote hayo kwa ajili ya jua la asubuhi na vifungo vya shati.

Adolfu alitazama ukuta wake, akatazama shati langu. Kisha akauliza, "Jua tu, Mwalimu? Si ungesema?"

Salome, aliyekuwa amenifuata, aliguna nyuma yangu. Nilimwelewa.

Margareth aliweka fimbo chini akacheka. Alicheka akakaa chini, akafuta macho kwa khanga, akasema ule uji wote jamani, ule uji wote! Halafu Adolfu akanishika mkono akanizungusha nyuma ya ghala, upande wa mashariki. Sijawahi kufika kule. Jua lote limejaa! Upepo haufiki, ukuta unaukinga. Tofali zimeshika joto kama sufuria. Nikaegemeza mgongo.

Fundi ametumia tofali zilizosalia kunijengea benchi pale pale. Adolfu amesema ni langu mpaka nitakapopumzika, kisha akaomba radhi kwa neno hilo.

Kesho magunia yanatoka, ujenzi unaendelea.

Alhamisi, 24 Julai

Siku tatu za raha kuu. Nakwenda kwenye benchi langu asubuhi, naota jua, nafunga vifungo vyote isipokuwa cha shingo. Adolfu hupita na karai la udongo, ananiuliza hesabu za kenchi za paa. Namsahihisha. Tumekuwa majirani kuliko zamani. Nimejifunza kwamba mtu akitaka kitu aseme. Nimemwambia hivyo Salome, akasema haya baba.

Kisha leo, nikiwa nimesinzia, nimesikia kitu cha baridi kimenidondokea kwenye blanketi. Rangi nyekundu! Nikageuka. Kijana Suma, mtendaji, amesimama juu ya benchi langu na viatu vyake, anachora alama ya X kwenye ukuta, juu ya kichwa changu kabisa. Ameuona ukuta kutoka barabarani akipita kwenda Milepa, akaikumbuka simu yangu. Hauna kibali. Utabomolewa wote, na benchi pia, maana limeungana nao. Akanisalimu shikamoo mzee, akaenda zake, akisema atarudi jioni kuandika taarifa.

Margareth alikaa kwenye lile karai. Adolfu hakuweza hata kuvaa kofia.

Salome anasema jambo ni jepesi. Kibali kinaombwa hata sasa, Adolfu aende ofisini Sumbawanga ajaze fomu, alipe faini, mimi nimweleze Suma kwa ukweli na upole, ni kijana muungwana. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Ana akili binti yangu. Lakini ofisi ni mbali, foleni ni ndefu, na mimi sina miaka ya kusubiri fomu.

Suma ni Mmoraviani, si Mkatoliki. Mafuta hayatamtisha. Lakini hata Wamoraviani wanaheshimu kitanda cha mgonjwa, mama yake lazima alimfundisha.

Salome amekataa kushiriki, amekwenda kisimani. Simu amepiga Adolfu, tena kwa sauti ya kulia: mzee amezidiwa, anataka kuagana na mtendaji wake. Margareth ndiye aliyetandika kitanda. Adolfu amenishauri mara hii nisikorome sana, siku ile nilizidisha, nimwulize hata Margareth. Mwanafunzi wa darasa la tano ananifundisha mimi kufa!

Pikipiki ya Suma hiyo, inapanda kilima. Acha niwahi kulala.