Nilivyomrekodi Mwizi wa Dizeli Yangu

Leo nimejivua nguo mbele ya wapangaji wa ploti nzima. (Si nguo za mwilini. Afadhali zingekuwa hizo.)

Mnajua mimi ni mwalimu, mtu wa Meru, niko huku Garissa kikazi, napanga mtaa wa Waberi. Mnajua pia nina pikapu kuukuu ya dizeli. Msichojua ni kwamba kwa muda sasa nimeamini kuna mtu ananiibia mafuta. Najaza tangi, mshale unashuka. Mke wangu, Mama Kendi, husema mshale ndio mbovu. (Mke wangu huamini watu.)

Leo asubuhi gari likaanza kukohoa njiani. Filta ya dizeli imeziba. Fundi sikumwita, maana yule wa mwisho simwamini. Nikaenda dukani mwenyewe. Muuzaji akanipa filta akasema ni orijino. Nikainusa.

"Mwalimu, unanusa nini?"

"Nahakikisha."

Sijui nilikuwa nanusa nini.

Nikaegesha gari uani, pua upande wa mteremko, nikafungua boneti. Filta ya zamani ikagoma kidogo, kisha ikatoka. Nikaitazama juu. Haina mpira. Kila filta huwa na mpira wa duara pale juu, wa kuzuia mafuta yasivuje. Nikajua papo hapo: yule fundi aliuiba. Nikamwita Mama Kendi aje aone.

"Mpira huo aibe aupeleke wapi?" akauliza.

"Wana soko lao hao."

Akarudi kwa maharagwe yake, yaliyokuwa jikoni pale pale uani. Mimi nikafunga filta mpya na mpira wake mpya, nikaikaza kwa mikono miwili, nikapampu dizeli ipande. Gari likawaka. Nikalizima, nikaenda kuoga nikijiona injinia.

Natoka bafuni na taulo, nachungulia dirishani, namwona Adeer Hirsi, jirani yetu wa mlango wa pili. Adeer kwa Kisomali ni baba mdogo, nasi sote humwita hivyo kwa heshima. Anauza magodoro sokoni. Ndiye aliyenitafutia hii nyumba nilipohamishwa huku sijui mtu. Basi Adeer akabeba jiko letu la makaa, maharagwe yakiwa juu, akalipeleka kule kwenye ukuta. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaingia kwake, akatoka na karai. Akalala chali chini ya gari langu.

Moyo ulinidunda, na nikiri, kulikuwa na furaha ndani yake. Nimempata. (Tangi liko nyuma. Yeye alikuwa mbele. Hilo halikunishtua hata kidogo.)

Nikarekodi kupitia pazia. Nikatuma kwenye grupu ya wapangaji: "Mwizi wa dizeli ndiye huyu. Jioneeni." Mama Kendi akatokea chumbani, akasema, "Ngoja kwanza uulize." Ilikuwa imeshakwenda.

Nikavaa suruali, nikatoka.

"Adeer, hiyo dizeli unaipeleka wapi?"

Sauti ikatoka chini ya gari, tulivu kabisa. "Mwalimu? Fizuri umekuja. Gari yako nakojoa. Mimi nashika na karai isibotee. Jiko nimetoa, moto isishike. Nimeita mwalimu, mwalimu, hakuna mtu."

(Nilikuwa naimba bafuni.)

Nikainama. Dizeli ilikuwa inatiririka kutoka kwenye filta yangu, ile niliyoikaza kwa mikono miwili. Nikapitisha kidole juu yake. Mipira miwili. Ule wa zamani haukuibwa na mtu. Ulibaki umeganda kule juu filta inapofungwa, nami nikaukandamiza ule mpya chini yake, ukakaa upande.

Ndipo simu zikaanza kulia ploti nzima, mlango hadi mlango. Habiba, mke wa Adeer, akatoka na yake mkononi. Hakunisalimu. Akampa mumewe, aliyekuwa ametoka chini ya gari. Kwenye video ile matone yanaonekana wazi, na tayari mtu ameshajibu: "Mwalimu, hiyo si inavuja?"

Adeer akaitazama mpaka mwisho. Kisha akairudia, kikoi chake kikinuka dizeli yangu.

"Umechukua fizuri," akasema. "Sura yangu imetoka. Lakini hii maneno ya chini, hii ya mwizi, hapana."

Niliomba msamaha pale pale, majirani wamesimama milangoni. Nikauomba tena kwenye grupu, kwa maandishi. Adeer akanipa mkono. "Wallahi mimi nimesamehe. Sasa enda kwa mama ya nyumba."

Nikaenda. Habiba akaniketisha mkekani, akanimiminia chai. Haikuwa na sukari. Katika nyumba ile sijawahi kunywa chai isiyo na sukari. Nikainywa yote, nikamshukuru. Akanijazia tena.

Nimewaeleza kwa sababu nawaamini. Atakayecheka, nina uhakika alikuwa ananicheka tangu zamani.