Gari la Marehemu na Mnunuzi wa Bandia

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Mama mkwe amenikabidhi ufunguo wa gari la marehemu mumewe. Nimeupokea kwa mikono miwili, macho chini, kama mkwe mwenye adabu zake. Anauza. Anasema macho yake hayaioni tena barabara vizuri, na gari halikutengenezwa kulala bandani chini ya mashuka.

Na gari lenyewe sasa! Jeusi, refu, lina miaka arobaini na halina hata mkwaruzo. Viti vya ngozi. Dashibodi ya mbao. Saa ndogo ambayo bado inatembea. Marehemu alikuwa akivua viatu kabla ya kuingia. Miaka kumi na miwili ya ndoa, sijawahi kuligusa ila kwa macho.

Masharti: likiuzika vizuri, fungu moja ni la mke wangu, akodi chumba cha kushonea. Cherehani yake iko chumbani kwetu na mimi nalala na sindano. Nikiharibu, ufunguo unakwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye amesema mbele ya mama yake kwamba mtu anayeshindwa kuuza picha za pasipoti hawezi kuuza gari. Studio yangu inamhusu nini?

Mke wangu ameniomba jambo moja tu: nisifanye ujanja. Nimeapa.

Jumanne, 4 Machi

Nilibandika picha za gari kwenye dirisha la studio saa mbili. Saa nne akaja daktari wa meno! Amelizunguka gari mara tatu, amepiga magoti kutazama chini, amenusa viti. Ametaja bei. Bei nzuri, mama mkwe angepiga vigelegele.

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Halafu nikawaza: mtu anayetoa haraka hivi, ana zaidi mfukoni. Nikajisikia nikisema kuna mtu mwingine anayelitaka. Hakuna mtu mwingine! Ulimi wangu huu utanimaliza. Daktari amesema vizuri, atarudi Alhamisi waonane uso kwa uso.

Jumatano, 5 Machi

Mtu mwingine amepatikana. Kinyozi, jirani wa studio, tunayecheza naye drafti. Mgane, mpole, ana suti. Malipo yake: nitampiga picha za mitindo ya nywele za kubandika ukutani, bure. Kazi yake: aje, atazame, ataje bei ya juu kidogo, asitesite, daktari akipandisha bei yeye ajitoe. Nimemweleza mara nne. Mara ya nne ameniuliza kama kutakuwa na chai. Sina amani.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Kinyozi alifika kwa mama mkwe ananuka naftalini. Daktari alikuwa ameshafika. Na mama mkwe, ambaye hakuwa kwenye mpango wangu kabisa, akatoka na kusimama barazani.

Kinyozi akafungua mlango wa gari. Akavua viatu. Akakung'uta nyayo, moja, ya pili. Sikumfundisha! Sakafu yake imejaa nywele kila siku, basi ni mazoea tu. Mama mkwe akaziba mdomo kwa mkono. Kinyozi akataja bei. Daktari akamtazama mama, akatazama vile viatu, akasema mtu wa namna hii ndiye mwenye gari, yeye hawezi kushindana naye. Akaaga. Nilimkimbilia hadi getini. Akanipongeza!

Kusema ukweli? Mbele ya mama mkwe? Heri ardhi ipasuke. Nikamkonyeza kinyozi ajitoe. Lakini mama alishamkaribisha chai, na mkwe haketi meza moja na mama mkwe. Nimebaki nje nikifuta gari safi dakika tisini, nikisikia vicheko. Kinyozi ametoka na kipande cha keki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kliniki kumrudisha daktari. Mhudumu amesema bila kuumwa siingii. Nikasema naumwa. Nikakalishwa kwenye kile kiti, taa usoni, pamba mdomoni, na daktari akaanza kuongea yeye: kwamba hajawahi kumpokonya mtu gari lililokwisha kuwa lake, na hataanza uzeeni. Nilijaribu kueleza. Akadhani naonyesha panapouma.

Nimeng'olewa jino. Halikuwa na kosa lolote.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemsihi kinyozi ajitoe. Anasema atajitoa, ila si leo, leo ameitwa kuwasha injini. Anasema amenyoa vichwa miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumpa kikombe chenye kisahani.

Shemeji amekuja kuuliza mnunuzi analipa lini. Nimesema hati zinashughulikiwa. Akacheka kwa pua.

Mke wangu ameshakwenda kukiona chumba. Kina dirisha kubwa linalotazama barabara. Amepima kwa futi yake ya kamba mahali meza ya kukatia itakapokaa, na amenionyesha namba, anatabasamu kama siku ya kwanza nilipompiga picha. Nimesema hongera, nikaenda kunawa uso. Niliona aibu, naandika wazi.

Jumapili, 9 Machi

Kinyozi amekuja nyumbani na suti! Moyo ukatulia. Amekuja kujitoa. Na amejitoa kweli: hanunui gari. Anamtaka mwenye gari.

Ameniomba niwe mshenga wake. Mimi! Nipeleke barua kwa shemeji. Mama mkwe mwenyewe ameshakubali, kilichobaki ni heshima tu. Na gari haliuzwi tena, kinyozi ana leseni, macho yake mazima, watakuwa wanakwenda matembezi.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Amemfurahia mama yake, ambaye amekuwa mpweke muda mrefu. Baadaye nikamsikia chumbani anaisogeza cherehani irudi karibu na kitanda. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimemwamkia kinyozi shikamoo. Ameitikia marahaba kabla sijamaliza kuitamka. Amenishauri pia ninyoe ndevu. Barua yake iko mfukoni mwangu, na shemeji ananisubiri jioni.

Mwenye chumba amempa mke wangu hadi Ijumaa. Siku nne! Siwezi kukaa nimekunja mikono. Nimewaza tangu alfajiri, na jibu ni rahisi. Mama mkwe amekubali haraka kwa sababu mchumba ni mmoja. Akitokea wa pili, ataanza kupima. Kinyozi ni mtu wa haya, akiona mwenzake barazani atakata tamaa, na gari litarudi sokoni.

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ni mgane pia. Ana meno yote na sauti ya redioni. Si mchumba wa kweli, la hasha! Aje tu, akae, anywe chai, aondoke. Nimeshaongea naye, amekwenda kupiga pasi shati. Mke wangu sijamwambia, nataka afurahi kwa mara moja. Safari hii nimefikiria kila kitu.