Kinshasa Kupitia Marabo

Jumatatu, 9 Juni
Hervé amerudi kutoka Kinshasa kwa ndege. Bunia nzima lazima ijue! Nimemkuta kwa Mzee Mbusa, baba yake Sandrine tunayemgombea sote wawili, amekalia kiti changu, anasimulia mawingu. Kukaa kule miezi miwili tu, sasa hata kuku anawasemesha Kilingala. Sandrine akampakulia sombe kwanza. Mimi nikapata ya chini ya sufuria. Uvumilivu una mpaka. Nikatangaza kwamba mimi pia Alhamisi naruka Kinshasa, mambo ya biashara. Mzee akanitazama kwa heshima, mara ya kwanza tangu nianze kumchumbia binti yake. Akasema nikisharudi, nilete wazee wangu tuzungumze mahari.

Tikiti sina.

Jumanne, 10 Juni
Utafiti kwenye simu. Bunia mpaka Kinshasa: kilomita kama elfu moja mia nane, masaa matatu hivi angani. Basi! Nitajificha Marabo kwa Shangazi Adeline, nisubiri ndege ifike, nipige simu. Akili ni mali. Sandrine nimemkataza asinisindikize, nikasema machozi yake yataniharibia safari. Akasema hakupanga kulia.

Alhamisi, 12 Juni
Nilitoka alfajiri kwa pikipiki. Marabo haifiki kilomita hamsini. Mvua, matope, mnyororo ukakatika, nikasukuma. Masaa matano! Aliyepanda ndege angekuwa Kinshasa anaagiza bia ya pili. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa jembe.

Saa sita mchana nikapiga. Mzee akaweka simu kwa sauti kubwa ili nyumba nzima isikie. Nikasema nimetua salama. Akauliza:

“Huko iko saa ngapi?”

Ningesema sijui! Lakini mimi napenda kupamba.

“Saa sita kamili, Papa. Naangalia hii saa kubwa ya mu ukuta wa aéroport.”

Nikasikia kicheko cha Hervé. Kumbe kila anayepiga kutoka Kinshasa, mzee humwuliza saa, apate raha ya kusikia kwamba Bunia tumewatangulia. Yetu ikiwa sita, yao ni tano. Mtoto wa darasa la pili anajua. Hata mimi najua! Matope yalinisahaulisha. Mzee akaniambia niwasalimie watu wa huko niliko, akakata.

Jumamosi, 14 Juni
Nimerudi. Mzee hataki kuwaona wazee wangu, kesho anawapokea wa Hervé. Naumia, sifichi. Nimekutana na Sandrine akitoka sokoni, Shangazi ameshamsimulia yote kwa simu. Hakufoka. Afadhali angefoka.

“Sikukuombaka Kinshasa,” akasema. “Ungeniambia tu unaenda Marabo kulima, siye wawili tungeenda.”

Nililia kidogo nyuma ya kanisa.

Jumapili, 15 Juni
Wazee wa Hervé wamepita na mbuzi. Nimechungulia dirishani mpaka shingo ikauma. Lakini kuzungumza mahari si kutoa mahari. Nimeyatafakari sana maneno ya Sandrine, na sasa naliona kosa langu waziwazi: nilichagua mji mbaya. Lubumbashi! Mbali vilevile, ndege vilevile, na saa yao ni sawa na yetu. Kesho namtuma mtu amwambie mzee kwamba Jumatano naruka. Shangazi Adeline ana maneno mengi, safari hii nitajificha kijiji cha Boga. Mzee akiuliza saa, nitamtajia ileile anayoiona ukutani kwake, na Hervé hatakuwa na la kucheka.