Ng'ombe Aliyeandikwa Operesheni

Jumatatu, 17 Mei 2021
Nimedharauliwa! Mimi, Télesphore Nzabonimpa, mwenye duka la rangi na mabati hapa mutaa wa Majengo, Goma! Aliyenidharau ni mama Clotilde, karani wa mutuelle yetu ya afya kule Himbi. Na alikuwa anatabasamu. Ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jambo lenyewe dogo. Wafanyabiashara tunaweka akiba ya matibabu pale mutuelle. Akiba hiyo haikatwi kodi, mradi uitoe kwa sababu ya ugonjwa tu. Mimi mwaka jana niliitoa yote nikanunua ng'ombe. Mweupe, wa kutoka Masisi, mwendo wake kama wa bibi harusi. Anakaa Kibati kwa shemeji yangu Havugimana.

Sasa ni wakati wa déclaration ya kodi, kuandikisha mapato ya mwaka. Mama Clotilde anataka kujua nilitibiwa ugonjwa gani. Nikamueleza kwamba ng'ombe anatoa maziwa, na maziwa yanatuliza tumbo. Akauliza kama huyo ng'ombe ana diploma ya munganga. Foleni nzima ikacheka.

Halafu akasema polepole, kama anasema na mutoto: "Papa Télesphore, kosa hili linarekebishwa bila vita. Andika ukweli. Ile pesa tunairudisha kwenye mapato yako, unalipa kodi yake na faini kidogo. Kwisha."

Ukweli! Waasi waliingia muji huu nikabaki na duka langu. Leo nishindwe na mwanamuke mwenye kalamu?

Jumatano, 19 Mei
Nimepata akili. Nimeenda kwa muzee Henri, infirmier, muuguzi wa zamani, anayetibu watu sebuleni kwake. Nikaomba karatasi ya operesheni ya mwaka jana. Akauliza operesheni ya wapi. Sikuwa nimefikiri! Tumbo, hapana, mama Clotilde anaweza kuomba kuona kovu. Muguu! Nani atamuvua suruali mutu wa heshima? Tukachagua wa kushoto. Tukaandika: mufupa ulivunjika, wakaweka chuma.

Muzee Henri alitaka ndoo ya rangi nyeupe. Akachukua na ya bluu, ya kutuliza dhamiri, alisema. Dhamiri ya watu wazee ni ghali sana.

Karatasi nimepeleka Himbi. Mama Clotilde ameisoma mara mbili, akanipa pole. Déclaration imeandikwa. Nimerudi nikipiga mluzi, halafu nikakumbuka kuchechemea.

Ijumaa, 21 Mei
Védaste! Duka lake linatazamana na langu. Anauza mabati yaleyale kwa bei ya kuniua, anaongoza kwaya, na ni memba wa komite ya mutuelle. Kumbe mama Clotilde ameiambia komite yote iniombee! Védaste amekuja na avoka tatu, matunda ya mugonjwa, na uso wa maziko. Akasema anashangaa, maana mwezi ule wa operesheni aliniona nikicheza kwenye harusi ya binti yake Umwiza, mpaka viti vikahamishwa. Nikamujibu kwamba sikuwa nacheza. Nilikuwa natetemeka kwa maumivu.

Bahati mbaya muke wangu Perpétue alikuwa mulangoni. Operesheni alikuwa hajaisikia. Na ng'ombe nilimuambia ni zawadi ya muteja. Akaingia jikoni. Ameleta maharage yasiyo na chumvi.

Jumapili, 23 Mei
Naandikia kwenye ua wa hospitali. Ardhi inatikisika, kalamu inaruka.

Jana jioni mulima wa moto ulipasuka. Anga yote ikawa nyekundu. Mutaa wote wa Majengo ukamwagika barabarani, wengine kuelekea Gisenyi ng'ambo ya mupaka, wengine Sake. Perpétue alikuwa na godoro kichwani na watoto mukononi. Alinishika shati, akasema tuondoke pamoja. Mimi nikawaza: ng'ombe! Nikachomoka nikapanda kuelekea Kibati, upande wa mulima, peke yangu, dhidi ya muji muzima. Askari mumoja akaniuliza kama mimi ni mugonjwa. Nikamujibu kwamba karatasi ziko Himbi.

Njiani nikakutana na Havugimana. Anamuvuta ng'ombe wangu kwa kamba, muke wake nyuma na sufuria moja. Nyumba yao imefunikwa na moto. Alisema mara moja tu, hakurudia. Nikamuuliza kwa nini pembe moja imekwaruzwa. Alinikabidhi kamba.

Hapo watu wakasukumana. Ng'ombe akashtuka, akanivuta, nikaanguka kwenye mawe. Nikasikia mufupa ukilia ka! Ng'ombe akanikanyaga akapita.

Muguu. Wa kushoto.

Nimeletwa hapa juu ya chukudu, kigari cha mbao, kati ya magodoro. Aliyesukuma chukudu ni Havugimana, muke wake nyuma akimuvuta ng'ombe.

Jumanne, 25 Mei
Munganga amesema lazima operesheni, kuweka chuma, na haraka, la sivyo muguu utabaki umepinda maisha yote. Sikuogopa. Akiba ya mwaka huu si ipo mutuelle?

Mama Clotilde amefika mwenyewe. Volkano haimuzuii! Amefungua karatasi ya muzee Henri. Ameangalia picha ya radio, ile ya mufupa, kwenye mwanga wa dirisha. Ameangalia karatasi tena.

"Papa Télesphore, chuma cha mwaka jana kimeenda wapi?"

Nikasema labda kimeyeyuka, kwa joto la volkano.

Védaste alikuwa amekuja na kwaya kuwaimbia wagonjwa. Wimbo ulikatika katikati. Mama Clotilde akasema mutuelle haitoi kitu mpaka kosa lirekebishwe. Nikalia. Ndiyo, nililia, lakini kwa ajili ya muguu tu.

Ndipo Perpétue akasema yote. Ng'ombe, rangi, zawadi ya muteja, yote, mbele ya kwaya! Kumbe alikuwa amehesabu ndoo za duka na kumuuliza Havugimana. Akasema ng'ombe anauzwa leo. Nikapinga. Akaniuliza kama nitatembelea pembe zake. Mununuzi? Védaste! Papo hapo, na bila kupunguza bei, ili nione aibu vizuri.

Ng'ombe amelipa munganga. Amelipa kodi na faini. Iliyobaki Perpétue amemupa Havugimana, ajenge. Déclaration mupya ameiandika yeye mwenyewe, mistari michache. Mimi niliweka sahihi nikiwa nimelala.

Ijumaa, 4 Juni
Sake. Wakubwa wameamuru watu watoke Goma, na sisi tumelala ndani ya darasa na familia zingine, nina chuma cha kweli muguuni. Perpétue amenikataza kutia sahihi kwenye kitu chochote, hata daftari la ugawaji wa unga.

Pembeni yangu analala bwana mumoja, Nsanzimana, mutu wa Masisi, mwenye heshima. Muchana kutwa amenieleza kuhusu chama chao cha musiba. Kila mwezi unaweka kidogo. Siku ya kifo familia inapewa pesa yote kwa mara moja, na jeneza, na mufuko wa muchele. Mambo ya kodi hakuna. Nimeuliza mara tatu.

Nimesubiri Perpétue aende kuteka maji. Nikamusogelea Nsanzimana na kumuuliza kwa sauti ya chini kitu kimoja tu: je, ni lazima mutu awe amekufa kabisa?